Mwisho Uliokatwa Vipande Viwili

Munaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, na nikiwajibu munacheka. Chekeni basi, meno ni yenu. Kazi yangu ilikuwa kusema. Miaka mingi katika muji huu wa Kisangani, ndani ya salle, ukumbi wa video wa Papa Seifu kule Kabondo, mimi Tonton Gaby nilisimama kando ya televizyo na mikro mukononi. Filamu inaongea Kiingereza chake, na mimi nawaambia watu kwa Swahili na kwa Lingala: huyu anasema hivi, yule anamujibu vile, na huyu wa tatu mumuangalie vizuri, iko na kisu nyuma ya mugongo. Watu walikuwa wanavuka muto kutoka Lubunga kwa pirogue, ile mitumbwi yetu, ili kunisikia. Leo kila mumoja wenu anaangalia filamu yake ndani ya simu, na nyuzi masikioni kama mugonjwa wa hospitali, anasoma maandishi ya chini na nusu yake haelewi. Halafu munakuja kwangu kuuliza yule mzee wa mwisho alikuwa nani. Aka! Muulizeni simu.

Juzi vijana wa avenue yetu walikaa mbele ya kiwanja changu na nyuso za matanga. Nikafikiri nani amekufa. Kumbe filamu yao moja ya wachawi, wenye kuitengeneza wametangaza kwamba hadithi ya mwisho itatoka vipande viwili, na kati ya kipande na kipande watangoja mwaka muzima. Walikuwa wanalalamika kama watu walionyang'anywa shamba. Nikawaambia waniletee kiti. Mambo ya mwisho uliokatwa, mimi niliyaonja zamani, mbele yao.

Lakini kwanza mujue kazi yenyewe, maana munafikiri ni kupiga kelele tu. Nilifundishwa na Papa Anakle, mutu wa Yanonge, aliyeacha nyavu za samaki akashika mikro. Alikuwa mukali. Siku yangu ya kwanza nilitaka kuonyesha kwamba nilisoma, nikawa nataja majina ya watu wa filamu vile yalivyo, yale majina marefu ya Ulaya yanayokwama kooni kama mwiba wa samaki. Mutu wa benchi ya mbele akalala. Wa nyuma yake akalala. Kidogo tu, salle nzima inakoroma. Papa Anakle alinivuta sikio mbele ya watu wote. Alisema mutu wa filamu apewe jina ambalo mama anayetoka sokoni, amechoka, na miguu inamuuma, anaweza kulishika mara moja. Alinifundisha pia kugeuzia televizyo mugongo na kuangalia watu, kwa sababu filamu haina miguu ya kukimbia, ni watu ndio wanayo. Bunduki ikisema, unyamaze. Maji ya kunywa yawe ya vuguvugu, na tangawizi ndani. Na kama hujui kabisa mutu wa filamu anasema nini, angalia mikono yake, utajua kama anaomba, anakataa ao anatafuta shida. Kwa njia hiyo nilitafsiri hata filamu za Kichina, na hakuna Muchina aliyekuja kulalamika.

Bon. Kulikuwa na filamu moja ya majoka yenye mabawa na watu wenye fimbo za moto. Ilikuwa inakuja kipande kwa kipande, miaka na miaka. Kuna binti aliyenyang'anywa kiti cha baba yake, mimi nikamuita Yaya. Kuna adui yake, uso mweupe kama amelala ndani ya jiko, nikamuita Mufalme Majivu. Na kuna kijana mumoja, rafiki wa Yaya, masikio makubwa, aliyemuvusha muto ndani ya mutumbwi katika filamu ya kwanza. Huyo nikamuita Pagayeur, kwa sababu hapa kwetu mupiga kasia ndiyo jina lake. Sikufikiri zaidi. Katika kazi ile unatoa jina upesi, kama mutu anayetupa nguo nje ya nyumba inayoungua.

Siku hiyo hiyo kijana wa Lubunga, Dieumerci, alipanda juu ya benchi akainua mikono akitangaza kwamba Pagayeur ni yeye. Na kweli, kazi yake ilikuwa kuvusha watu kila siku, na masikio Mungu alimupa ya kutosha. Salle ikacheka mupaka ukuta ukatikisika. Tangu pale Lubunga nzima ilimuita hivyo. Filamu mupya ikija, wenzake wa kasia walikuwa wanamuuliza njiani leo atafanya nini, atapigana ao atakimbia, na yeye alikuwa anawajibu kwa kiburi kabisa kwamba wangoje waone.

Kisha akapanda baleinière, ile mashua kubwa ya mbao, akashuka Kinshasa kutafuta maisha. Alimwambia mama yake atarudi mbele ya Noeli. Noeli ikapita, na nyingine nyuma yake. Hakuna simu, hakuna salamu. Watu wa mashua, mumoja alisema alimuona Mbandaka, mwingine alisema huyo hakuwa yeye.

Filamu iliyofuata ilipokuja, nani anakaa kwenye benchi ya mbele, pahali pa Dieumerci? Mama yake, Mama Ruza, muuza kwanga, ule mukate wa muhogo, wa pale libongo, pirogue zinapofikia. Alikuja na beseni lake na furushi la majani ya kufungia kwanga. Majoka yakipigana angani, Mama Ruza alikuwa anapanga majani yake, hata hainui kichwa. Lakini Pagayeur akitokea, mikono ilisimama. Akiondoka, mikono inaanza tena. Mimi nilikuwa nimegeuzia televizyo mugongo, kama nilivyofundishwa, na ninawaapia, nilijua Pagayeur ameingia kwa kuangalia ile mikono tu.

Sasa ikatangazwa filamu ya mwisho. Papa Seifu, tajiri wangu, Mungu amurehemu, alikuwa mutu wa familia ya wafanyabiashara tangu babu wa babu, na damu ya biashara ilikuwa inachemka ndani yake hata akilala. Alinipa megafoni, nikazunguka muji mupaka Simi-Simi nikipiga kelele kwamba Jumapili ni mwisho, Mufalme Majivu anakufa, Yaya anaketi kwenye kiti cha baba yake. Desturi yetu ilikuwa kuangalia filamu sisi wawili kwanza, ili mudomo usije ukajikwaa mbele za watu. Lakini mara ile diski ilifika kwa ndege Jumapili yenyewe, na watu walikwisha kujaa mupaka barabarani. Papa Seifu akasema twende hivyo hivyo. Kwenye kifuniko cha diski palikuwa pameandikwa kwamba ni sehemu ya kwanza, na yeye alikuwa amebandika karatasi ya jina la salle yake hapo juu. Mupaka alipokufa alikuwa anaapa kwamba hakuona.

Mukiwa munataka kujua sehemu ya kwanza ya mwisho inatengenezwa na nini, nitawaambia: inatengenezwa na kutembea. Yaya na Pagayeur wanatembea porini. Wanasimamisha hema. Wananuniana. Wanabomoa hema. Wanatembea. Mvua. Hema tena. Wazungu wale walikuwa na hadithi ya kushona shati moja, wakavuta kitambaa mupaka mashati mawili, na pahali pa vifungo waliweka miti. Mimi nifanye nini? Nilijaza. Niliwafanya wazungumzie bei ya muchele, wakumbuke mashangazi, wabishane ni samaki gani anapikwa na mafuta ya mawese na ni gani anapikwa bila. Watu walicheka, lakini niliwaona wanaanza kuangaliana.

Mwisho kabisa, vita. Yaya na Pagayeur wanakimbia ndani ya pango, jiwe kubwa linashuka kufunga mulango. Pagayeur analishika kwa mabega, Yaya anapita chini yake, jiwe linaanguka, na kijana anabaki ndani. Mufalme Majivu anainua fimbo yake angani. Giza. Halafu majina meupe yanaanza kupanda.

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Wanauliza ingine iko wapi. Nawaambia imeishia pale, wenye filamu wameikata, kipande kingine ni mwaka ujao. Wanauliza kwa sababu gani. Nawaambia ili mulipe tena. Nani atakubali? Fundi Mateso, seremala wa mutaa, mutu mupole siku zingine zote, alisimama akauliza kama yeye akimuuzia mutu kitanda nusu, yule mutu atalaza miguu wapi. Hawakuamini kwamba watu wakubwa wa Ulaya wanaweza kufanya ujinga kama huo. Kwamba Papa Seifu anaweza, hilo waliliamini mara moja. Walisema ameficha nusu nyingine chini ya kitanda chake. Papa Seifu alijifungia ndani ya chumba cha groupe, pamoja na ile mashini ya umeme inayonguruma, na akatoka huko mweusi kwa moshi baada ya watu kwenda.

Wote walikwenda, lakini Mama Ruza alibaki. Majani yote yalikuwa yamefungwa, na bado hasimami.

"Gaby," aliniuliza, "iko anatoka ao hatoki?"

Nikamueleza kwa heshima kwamba mimi sijui, filamu haijafika, tuvumilie.

"Weye ndiye unasemaka maneno yake yote. Utakosa kujua namna gani?"

Munajua, niliulizwa maswali mengi katika kazi ile, na majibu sikuwahi kukosa. Yule kijana wa masikio sikumuzaa mimi, lakini jina nilimupa mimi, na kwa sababu ya jina langu la haraka, mama wa watu amekaa mbele yangu anauliza habari za mutoto wake.

"Anatoka, Mama," nikasema.

Akaweka beseni kichwani akaenda kuvuka muto.

Mwaka ule wa kungoja ulikuwa mwaka wa wazimu. Papa Seifu, hasira ya watu ilipopoa, aliona akili iliyomo ndani ya ule ujinga. Donc akaanza kukata kila kitu. Filamu ya karate ya saa moja na kidogo, anaizima mateke yakiwa hewani, anawaambia sehemu ya pili kesho. Familia moja ilikodi salle ili wakwe waone video ya ndoa ya binti yao. Papa Seifu aliizima pale padri anamuuliza bibi arusi kama anakubali, akatangaza jibu ni Jumamosi. Tantine mumoja, shangazi wa upande wa bwana, ambaye hakufika siku ya ndoa, akauliza kwa sauti kumbe binti alisitasita. Wiki nzima zile familia mbili hazikusalimiana, na bibi arusi tayari iko na mimba. Hata pasta mumoja wa mutaa wetu alipenda dawa hiyo. Alimuacha Yona ndani ya tumbo la samaki, akawaambia waumini waje Jumapili ijayo kuona kama atatapikwa. Jumapili ile mvua ilinyesha, hawakuja. Mupaka leo kuna watu Kabondo, ukiwauliza habari za Yona, watakuambia bado iko ndani.

Na mimi, kila nikipita libongo, Mama Ruza ananiita, ananipa kwanga, anawaambia wauzaji wenzake: Gaby alisema anatoka. Hakuwa anauliza tena. Alikuwa anawajulisha. Ile kwanga ilikuwa nzito kumeza.

Sehemu ya pili ikafika. Safari hii nilimwambia Papa Seifu kwamba bila kuiangalia kwanza, mikro ataishika yeye. Tukafunga mulango muchana, tukaangalia wawili. Vita, majoka, moto, vizuri. Mufalme Majivu anakufa, vizuri sana. Halafu Yaya anarudi pale pangoni, watu wake wanasukuma jiwe, na Pagayeur anatolewa. Macho yamefungwa, mukono unaning'inia. Wanamulaza ndani ya mutumbwi, wanamufunika kitambaa mupaka kidevuni, wanamuwekea maua, wanasukuma mutumbwi majini. Yaya analia. Mutumbwi unakwenda.

Nilizima. Nikamuambia Papa Seifu tukate pale, tuweke sehemu ya tatu. Ndiyo siku moja tu ambayo alikataa kukata kitu. Alisema niseme vile iko, watu watalia, na mutu akilia vizuri anarudi kesho na shangazi yake.

Jumapili salle ikajaa. Wapiga kasia wa Lubunga walikaa nyuma, wale wenzake Dieumerci, watu wa kelele, ambao filamu ikiwaudhi wanatupa maganda. Fundi Mateso katikati. Mbele, Mama Ruza na majani yake. Nilisema vita, nilisema majoka, Mufalme Majivu nilimuua mara mbili kwa sababu watu waliomba. Kisha jiwe likasukumwa. Nilijua bila kugeuka, maana mikono ya Mama Ruza ilisimama.

Watu wale ni watu wa muto, wanajua mukono unaoning'inia ni nini. Mikro iko mudomoni, na Papa Seifu ananifanyia ishara kutoka mulangoni, niseme vile iko.

"Pagayeur ametoka," nikasema. "Amechoka sana, maana alishika jiwe mwaka muzima. Amelala."

Mutu mumoja kule nyuma akacheka, akaanza kusema kwamba huyu, lakini huyu si amek...

"Acha mutu alale," Fundi Mateso akamukatiza, bila kugeuka.

Basi nikaendelea. Nikasema Yaya analia kwa furaha na kwa uchungu wa kuagana. Nikasema wamemufunika kwa sababu asubuhi muto una baridi. Maua ni zawadi ya kumupelekea mama yake, ajue hakuja mikono mitupu. Nikasema wamemuweka ndani ya mutumbwi wake mwenyewe, na hakuna haja ya kupiga kasia, maji yanajua njia, yatamushusha pole pole mupaka libongo la kwao, na pale kuna mutu anamungoja. Wapiga kasia wakaanza kupiga benchi kwa viganja, taratibu, kwa ule mupigo wanaotumia katikati ya muto, na salle nzima ikaufuata mupaka mutumbwi ukapotea kwenye picha. Mimi nilikuwa nalia na nasema. Papa Anakle angenivuta sikio, maana mikro haipendi kamasi.

Watu walitoka, hata benchi moja haikuvunjika. Mama Ruza alifunga majani yake ya mwisho, akasimama, nikamusaidia kupandisha beseni kichwani. Sikujua nimuangalie wapi.

"Nilimuona, Gaby," akaniambia. "Macho yangu iko mazima. Kesho nakuja tena. Useme vile vile."

Alikuja kesho yake, na siku zilizofuata, na wapiga kasia walikuja naye, na Fundi Mateso, na watu ambao sikuwahi kuwaona, wanapiga benchi kwa viganja, mupaka diski ikaanza kukwaruzika. Mimi nilisema vile vile kila mara, neno kwa neno. Papa Seifu alikuwa anasimama mulangoni, anasugua mikono, anawaambia wapita njia kwamba hajaona filamu inayopendwa kama ile.